Tunaandika mfumo wetu wa kanzidata hapa Mtwara, huria, wa kufundishia na kutafitia. Njooni tuujadili

#1 Mwalimu wa Shangani

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wa tisa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke alama aje kuumalizia kesho.

Mwaka juzi nilimpa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho swali la mdomo. Kijana mzuri, SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, anaiandika bila kutazama daftari, somo la kanzidata alipata A. Nikamuuliza: umeandika amri ya kumwingiza mkulima mpya kwenye jedwali, umebofya, na umeme umekatika hapo hapo. Yule mkulima yuko wapi? Akafikiri, akasema, "Nadhani yuko kwenye mfumo, mwalimu." Mfumo ni nini? Akanyamaza. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemfundisha, na mihula yote miwili sikuwahi kumfungulia kanzidata yoyote akaona ndani.

Tangu siku ile, mimi na wanafunzi watano, jioni na Jumamosi, tunaandika mfumo mdogo wa kanzidata kuanzia mstari wa kwanza. Tusielewane vibaya: siongelei tovuti ya kuweka data wala jedwali la Excel. Naongelea injini yenyewe, kile kinachopokea amri, kinachopanga data kwenye diski, kinachoitafuta, na kinachoilinda pale watu wawili wanapogusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Umeandikwa kwa lugha ya C, mistari kama 6,000. Maelezo yote ndani ya msimbo ni ya Kiswahili. Na ni huria: chukua, soma, badilisha, fundishia, gawa. Hulipi, na huombi ruhusa kwa mtu. Kwa sasa tunauita ghala tu.

Jina limetokana na jinsi ninavyofundisha. Huku kwetu kila mtoto anaijua safari ya korosho. Mkulima anafika chama cha msingi na magunia yake, yanapandishwa kwenye mizani, karani anaandika kilo na daraja kwenye kitabu, mkulima anakatiwa karatasi yake, ndipo gunia linakwenda kwenye rundo. Hakuna anayelitupa gunia kwenye rundo halafu akaanza kutafuta kalamu. Lolote likitokea baadaye, kitabu ndicho kitakachosema kilipokelewa nini na cha nani.

Kanzidata za kutegemewa zinafanya hivyo hivyo. Badiliko linaandikwa kwenye daftari kwanza, jedwali linaguswa baadaye. Umeme ukirudi, mfumo unalifungua daftari na kulisoma tangu alama ya mwisho: kilichokamilika unakirudia, kilichoishia njiani unakitengua. Kisha kuna muamala. Kilo 412 ziingie kwenye hesabu ya mkulima, na kilo 412 hizo hizo ziingie kwenye jumla ya ghala. Ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Aliyeifanyia kazi sana misingi hiyo ni Mmarekani Jim Gray, akapewa Tuzo ya Turing, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake na mashua yake kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini, na hadi leo hajaonekana. Huwa nawasimulia wanafunzi, wengi wao ni watoto wa wavuvi wa Msimbati na Mikindani, na darasa hutulia. Muamala wake wanausahau kwa nadra sana baada ya hapo.

Kinachofanya kazi sasa: majedwali, kurasa za baiti 4,096 kwenye diski, faharasa (orodha ya kutafutia haraka), daftari, na kujirudisha baada ya kuzimika. Kisichofanya kazi vizuri: kuunganisha majedwali matatu au zaidi, na kufunga mistari ya jedwali pale watumiaji wanapokuwa wengi. Naomba vitu viwili. Watu wa kuusoma msimbo kwa jicho kali, na walimu wa mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, walio tayari kuujaribu darasani kwao. Intaneti haihitajiki, unaingia kwenye flashi na nafasi inabaki.

#2 Mzee wa Seva

Mwalimu, hongera kwa moyo huo. Ila niseme bila kuzunguka, bado hujanishawishi. Nimesimamia seva miaka kumi na nne, zamani Dar, sasa niko Lindi. PostgreSQL ipo, huria, imekomaa. SQLite ipo, imo kwenye karibu kila simu ya mtu anayesoma uzi huu, D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 na ameiacha iwe mali ya umma, hata leseni haina. Vijana watano watafanya lipi ambalo hao hawajafanya?

La pili ndilo zito: nani atautunza? Soma historia ya hao hao PostgreSQL. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley walianza mradi wa POSTGRES mwaka 1986, chini ya Michael Stonebraker, ambaye tayari alishajenga kanzidata ya Ingres. Ndani ya mwaka 1993 watumiaji wa nje wakakaribia kuongezeka mara mbili. Kila mmoja ana tatizo lake, kila mmoja anataka jibu. Kazi ya kurekebisha na kusaidia watu ikaula muda wa utafiti, wakaamua kuufunga rasmi kwa toleo la 4.2. Hao ni Berkeley, wana fedha na watu. Wewe una vijana wanaohitimu.

#3 Binti Masasi

Mimi nafundisha sekondari, niko Masasi. Mwalimu, flashi moja nataka. Ila na mimi nina wasiwasi wangu, nitaurudia jioni, sasa hivi niko kwenye kipindi.

#4 Mwalimu wa Shangani

Mzee wa Seva, shikamoo. Nashukuru umesema wazi.

La kwanza. Hatushindani na PostgreSQL. Mtu akitaka kuendesha hospitali au halmashauri nitamwambia atumie PostgreSQL na nitakuja kumsaidia kuiweka. Lakini mkalishe mwanafunzi wa mwaka wa pili mbele ya msimbo wa PostgreSQL, mistari inayozidi milioni moja, mwambie akuonyeshe mahali jina la mkulima linapogeuka kuwa baiti. Atazama. Ndiyo maana vyuo vikubwa vyenyewe vimejiandikia mifumo midogo ya kufundishia. Wisconsin walikuwa na Minibase, Carnegie Mellon wana BusTub, na Berkeley, nyumbani kwa POSTGRES, wana RookieDB. Nimejifunza sana humo. Tatizo langu nazo ni kwamba BusTub inadai mtu aliyeiva kwenye lugha ya C++ ya kisasa, na zote zinamtaka mwanafunzi apambane na Kiingereza kizito na dhana mpya kwa mkupuo mmoja. Wangu hushinda vita moja, mbili zinawaangusha.

Faharasa ni mfano mzuri. Kitabuni wanasoma ukurasa mzima kuhusu mti wa B, ule uliotolewa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1972 wakiwa Boeing, na hawaoni faida. Kwenye ghala tunapiga hesabu wenyewe. Ukurasa wetu ni baiti 4,096. Ufunguo mmoja, yaani kile kinachomtambulisha mtu, na anwani yake vinachukua baiti kama 20. Kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba funguo kama 200, na kila ufunguo unaelekeza kwenye ukurasa mwingine wenye 200. Ngazi ya tatu ikifika, 200 mara 200 mara 200, umefikia watu milioni 8. Yaani kumpata mtu mmoja kati ya milioni 8 unafungua kurasa 3 za faharasa, ya nne ni ukurasa wake. Kisha namwambia mwanafunzi aifute faharasa, arudie amri ile ile, na asikilize diski inavyohangaika. Haniulizi tena faida yake nini.

Na utafiti. Utafiti mwingi wa kanzidata unafanyika kwenye mashine zenye kumbukumbu za kutisha na umeme usiozimika. Hali yetu huku ni kompyuta ya zamani na umeme unaokwenda na kurudi. Binti mmoja kwenye kundi letu anapima hilo: ukiwa na nafasi ya kurasa 64 tu kwenye kumbukumbu, ni ukurasa upi uutoe kumpisha mwingine, na mfumo unachukua muda gani kujirudisha kama umezimika mara tatu ndani ya saa moja. Kwenye mfumo mdogo anaitoa sehemu hiyo moja, anaweka ya kwake, anapima, anarudisha. Kwenye mfumo mkubwa angemaliza diploma bado anatafuta pa kuanzia.

La pili, la utunzaji, limenikosesha usingizi kabla hujaliandika. Lakini historia uliyoileta ina kipande cha mbele. Berkeley walipoufunga mradi, mwaka 1994 vijana wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuchukua msimbo ule ule, wakaupa uwezo wa SQL, wakautoa kama Postgres95. Mwaka 1996 ukaitwa PostgreSQL. Leseni iliruhusu, basi hawakumsubiri mtu. Mradi ulifungwa, kazi ikabaki. Kwa upande wetu tumewekeana sheria ngumu: mistari haizidi 8,000. Kinachozidi hapo kinaondolewa hata kama ni kizuri, maana mwalimu mmoja lazima aweze kuusoma wote wakati wa likizo.

#5 Karani wa Mizani

Nimefuatilia kimya. Mimi si mtu wa kompyuta, nimekuwa karani wa chama cha msingi misimu sita, upande wa Tandahimba. Mwalimu, mfano wako ni mzuri ila umeuacha mahali patamu.

Kitabu cha mapokezi hakifutwi. Nikikosea nikaandika 142 badala ya 124, sichukui raba na sichani karatasi. Napiga mstari mmoja juu yake, ile 142 ibaki inasomeka, naandika 124 pembeni, natia sahihi na tarehe. Akija mkaguzi anaona nilichoandika kwanza na nilichorekebisha. Karani mwenye kitabu kisafi sana ndiye wa kuogopwa. Na korosho zenyewe hupungua uzito zikikaa, unyaufu, kwa hiyo kilo za chama na kilo za ghala kuu hazilingani daima. Ukifuta ile ya kwanza ukaweka ya pili, kesho utasema mtu kaiba wakati ni unyaufu.

Sasa nauliza. Huo mfumo wako mtu akirekebisha, ile ya zamani inakwenda wapi?

#6 Mwalimu wa Shangani

Karani, umeuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani.

Sisi tulikuwa tunaandika juu ya ile ya zamani. Inapotea. PostgreSQL hawafanyi hivyo: ukirekebisha mstari, wa zamani unabaki pale pale na mpya unaandikwa pembeni, kila mmoja na alama ya muamala uliouleta. Anayesoma tangu kabla ya rekebisho anaendelea kuuona wa zamani bila kusumbuliwa, anayekuja baadaye anauona mpya. Ile mizee hufagiliwa na kazi maalumu iitwayo VACUUM. Ni kitabu chako hicho, tofauti ni kwamba wao wana ufagio.

Jana jioni niliwasomea wanafunzi maneno yako kama yalivyo. Tumekubaliana tutaandika njia ya pili, ya kutofuta, ikae sambamba na ile ya kwanza, na mwanafunzi achague na kupima gharama yake kwa nafasi ya diski. Kwa mtafiti hii ni kubwa kuliko nilivyodhani. Fikiria majaribio ya mikorosho kama yale ya Naliendele, mti mmoja unapimwa mavuno na ugonjwa wa ubwiriunga mwaka hadi mwaka. Mtu akisahihisha takwimu ya mwaka wa tatu, anayekuja mwaka wa kumi lazima aone kwamba ilisahihishwa, na ilikuwa ngapi.

Kama unaruhusu, jina lako la humu litaandikwa juu ya sehemu hiyo ya msimbo.

#7 Karani wa Mizani

Ruhusa unayo. Andikeni vizuri tu.

#8 Binti Masasi

Nimerudi. Wasiwasi wangu ni lugha. Nakumbuka habari za Jambo OpenOffice, ile programu ya kazi za ofisi ya Kiswahili iliyotoka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, lakini shuleni kwetu mimi sijawahi kumwona mtu akiitumia. Mtoto anajifunza kwa Kiswahili, mtihani wake wa kompyuta ni wa Kiingereza, kazini programu ni ya Kiingereza. Je, hatumchanganyi? Na amri za SQL mmezitafsiri?

#9 Mwalimu wa Shangani

Dada, amri hatujazigusa. SQL ilianzia kwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce pale IBM mwaka 1974, ikawa kiwango cha Marekani 1986 na cha dunia 1987. Mtoto akijifunza SELECT huku Mtwara, ataikuta Tokyo. Kumnyima hiyo ni kumfungia mlango.

Kilicho kwa Kiswahili ni maelezo ya ndani ya msimbo na ujumbe wa makosa. Mifumo mingi ukikosea inakurushia sentensi fupi ambayo hata Mwingereza anaisoma mara mbili. Wetu unasema: "Umetaja safu 4 lakini umeleta thamani 3. Safu iliyobaki bila thamani ni: daraja." Mwanafunzi anaisoma, anacheka kidogo, anarekebisha, anaendelea. Baada ya wiki chache anaufungua ujumbe wa Kiingereza wa mfumo mwingine na kuuelewa, kwa sababu jambo lenyewe analijua. Mtihani wa Kiingereza haujamshinda hata mmoja kwa sababu hiyo.

Maneno ndiyo yanatugombanisha. Faharasa imekubalika. Ukurasa, muamala, ufunguo, jedwali, hayana shida. Kanzidata na hifadhidata yana mashabiki wake na sitaki uzi uishie huko. Daftari nililichagua mimi kwa lile la kuandikia kabla, na wanafunzi waliopendekeza "kumbukumbu" nimewakatalia, kwa sababu kumbukumbu tayari ni ya kompyuta na tungewachanganya wengi.

#10 Mwanalindi

Nami nichangie kuhusu ufunguo, kwa sababu nafundisha historia na sikutegemea kuelewa uzi huu.

Tendaguru iko kwetu huku Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosa, na mababu zetu ndio waliochimba na kuibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani. Yule dinosa mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mita 13 na zaidi, wataalamu wanamjua kwa alama S II, maana yake shimo S, mifupa ya pili. Nilipokuwa nasoma maelezo ya mwalimu kuhusu ufunguo, nikaona: bila ile herufi na ile namba, mzigo wote ule ungefika Ulaya ukiwa rundo la mawe. Mfupa uliopoteza alama yake hauwezi tena kusema ulilala karibu na upi.

Nimewapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya kubuni jedwali la mifupa kwa karatasi tu: shimo, namba, sehemu ya mwili, tarehe, aliyebeba. Wamegombana nusu saa kama namba peke yake inatosha kuwa ufunguo. Mmoja akauliza, shimo S na shimo lingine yote si yana mfupa namba 2? Wakakubaliana ni shimo na namba kwa pamoja. Kisha wakauliza kwa nini safu ya "aliyebeba" hatuna cha kuijaza kwa karibu watu wote. Hapo somo la kompyuta likaisha, likaanza langu.

#11 Mwalimu wa Shangani

Mwanalindi, naliomba jedwali hilo. Litaingia kwenye mazoezi ya ghala, na hiyo safu tupu tutaiacha kama ilivyo. Thamani isiyojulikana ni somo zima kwenye SQL, watu wazima wanaikosea kwa kuiandika sifuri. Sifuri maana yake hakuna aliyebeba. Isiyojulikana maana yake alikuwepo, hatukumwandika.

#12 Nesi wa Nachingwea

Tahadhari moja tu. Kazini tunatumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, nayo ni huria, imejengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na chini yake imekaa PostgreSQL, kwa hiyo nakubali mifumo huria inabeba nchi. Lakini mkigawa flashi zenye mazoezi, data isiwe ya watu wa kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Wakulima wenye majina na kilo zao, wagonjwa wenye vijiji vyao, hapana.

#13 Mwalimu wa Shangani

Asante sana. Wakulima wote waliomo ni wa kubuni, majina tumeyachanganya kwa programu na vijiji tumevipa herufi. Nitaandika hivyo juu kabisa ya faili ili asiwepo wa kujiuliza.

#14 Msomaji Kimya

Leseni ipi? Naomba muwe makini hapo kuliko kwenye msimbo.

Nilikuwa mtunza maktaba kwenye shule moja binafsi. Tulinunua mfumo wa maktaba, tukaingiza vitabu kwa miezi minne, mimi na wenzangu wawili. Mwaka wa pili ada ya leseni haikulipwa kwa wakati, mfumo ukafunga. Hata kutoa orodha ya vitabu vyetu wenyewe tulishindwa, maana data ilikaa kwa umbo ambalo mfumo ule peke yake unalisoma. Tukarudi kwenye kadi. Bure bila huria inaweza kukufanyia hivyo hivyo, leo bure, kesho wamebadili mawazo.

Mnaokumbuka MySQL, kanzidata nyingine huria, kampuni ya Sun waliinunua 2008, na 2009 Oracle wakatangaza kuimeza Sun, wakakamilisha 2010. Watu waliingiwa na hofu. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, akatoka na msimbo na kuanzisha MariaDB mwaka 2009. MySQL aliipa jina la binti yake My, na hii ya pili jina la binti yake Maria. Angeuchukuaje msimbo wa kampuni? Kwa sababu ulikuwa chini ya leseni huria ya GPL. Leseni ndiyo iliyomfungulia.

#15 Mwalimu wa Shangani

Tumechagua leseni ya namna ya PostgreSQL, fupi, mtu afanye atakalo ila abakize tamko la wenye hakimiliki. Kijana mmoja kwetu alitaka GPL, ili atakayeuboresha na kuugawa alazimike kutoa msimbo wake pia. Tulibishana wiki nzima na hoja yake ilikuwa nzuri. Mwisho tuliangalia nani atautumia: walimu. Nilitaka mwalimu asome ukurasa mmoja na asihitaji mwanasheria.

Kuhusu umbo la data, uko sahihi mia kwa mia. Kuna amri moja kwenye ghala inayotoa kila jedwali kuwa maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato, na haifungwi na kitu chochote. Iliandikwa wiki ya pili, kabla hata ya faharasa.

#16 Mzee wa Seva

Nilinyamaza nikiusoma msimbo. Siku tatu. Mwalimu, unasomeka, hilo nakupa. Sehemu ya faharasa ningempa hata kijana wangu wa kazini aisome.

Kuhusu kutohitaji intaneti, nami naongeza shahidi. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar huku Lindi, na mwezi ule ule, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, mtandao ukadorora nchi nzima. Kila kilichokuwa mbali kilikuwa mbali kweli. Kitu cha kufundishia kikae kwenye mashine iliyo mezani.

Sijakubali kila kitu. Ila nimeweka jina langu kwenye orodha ya wasomaji.

#17 Liwale Kwetu

Habari wakuu. Nilipata flashi kwa basi kutoka Masasi, asante Binti Masasi. Mimi ni fundi kompyuta huku Liwale, nina kompyuta ya mezani ya zamani, haina betri ya akiba. Nikasema huu mfumo unaojisifu haupotezi kitu, ngoja niupime kama wananchi tunavyopimwa na umeme.

Nimeingiza wakulima 1,000 wa kubuni, kila mmoja muamala wake, na mfumo unajibu "imehifadhiwa" kwa kila mmoja. Katikati nikachomoa waya ukutani. Nikawasha. Nimerudia mara 10. Mara 7 wakulima wa mwisho hawapo, siku moja walikosekana 38. Wote walikuwa wameshajibiwa "imehifadhiwa". Mwalimu, karani wako ametoa karatasi kwa watu ambao hawamo kitabuni. Nimeambatisha faili zote.

#18 Binti Masasi

Jamani.

#19 Mwalimu wa Shangani

Liwale, nimezisoma faili zako usiku wote na wanafunzi wamezisoma asubuhi. Uko sahihi, na kosa ni kubwa, linagusa ahadi kuu ya mfumo.

Sisi tulipima kwa kuiua programu katikati ya kazi. Tumeiua zaidi ya mara 200 na haijapoteza hata mstari, tukaridhika. Lakini programu ikifa, Linux, yaani mfumo endeshi wa kompyuta, inabaki hai, na kile ilichokabidhiwa bado iko nacho na itakiandika. Ukichomoa waya, Linux yenyewe inakufa na kilichokuwa mkononi mwake. Tulikuwa tunaliandika daftari, mfumo endeshi unalipokea na kusema sawa, ila bado limo kwenye kumbukumbu, halijafika kwenye diski. Kuna amri ya kuulazimisha, fsync, ambayo lazima iitwe kabla ya kumjibu mtu "imehifadhiwa". Tuliiita wakati wa kufunga programu tu.

#20 Karani wa Mizani

Yaani karani aliandika kiganjani ili aje anakili jioni.

#21 Mwalimu wa Shangani

Ndiyo hivyo, Karani. Na jioni haikufika.

#22 Mzee wa Seva

Na mimi nililisoma daftari hilo siku tatu sikuliona. Mwalimu, mkiweka fsync kila muamala, kasi itashuka vibaya kwenye diski ya kuzunguka. Fikirieni kuikusanya miamala michache iandikwe kwa fsync moja, ila asijibiwe mtu hata mmoja hadi iishe. Na jueni diski nyingine husema zimeandika wakati bado. Liwale, mashine yako hiyo usiiuze.

#23 Mwalimu wa Shangani

Rekebisho limeandikwa na yule yule kijana aliyenijibu "nadhani yuko kwenye mfumo" mwaka juzi. Alihitimu, yuko Newala, ameomba alifanye yeye. Mistari 11. Kasi imeshuka kama Mzee alivyosema, kutoka wakulima 1,000 kwa sekunde chache hadi karibu nusu dakika kwenye diski yetu, na tumeiacha hivyo kwanza. Ya kukusanya miamala itakuwa kazi ya muhula ujao, kila mwanafunzi aandike yake na apime.

Liwale, toleo jipya liko kwenye basi la kesho asubuhi, flashi nyekundu, nimeifunga kwenye bahasha yenye jina lako la humu.

#24 Liwale Kwetu

Imefika saa kumi. Nimechomoa waya mara 20. Walioambiwa wamehifadhiwa wote wapo. Mara mbili kulikuwa na mmoja wa ziada ambaye hakuwa amejibiwa bado, naye yupo kamili, kilo na daraja. Hiyo ni sawa?

#25 Mwalimu wa Shangani

Hiyo ni sawa. Alishaandikwa kitabuni, karatasi ndiyo haikuwahi kumfikia.